Kiti Kimeungua, Daftari Limebaki

Kicheko kilikuwa kifupi. Mabwana na mabibi wakubwa wa Westeros wamekaa nusu duara kwenye magofu ya jengo walimofugwa majoka zamani, na mji mkuu umeteketea. Hakuna mfalme. Samwell Tarly, msomi mnene mwenye haya, aliyefukuzwa nyumbani na baba asiyemtaka, anasimama na kusema kwamba mfalme atawatawala watu wote, kwa hiyo pengine watu wote washirikishwe kumchagua. Wenzake wanatazamana, kisha wanaangua kicheko. Mmoja anauliza kama mbwa nao wapewe kura. Mwingine anasema atakwenda kumuuliza farasi wake. Samwell anarudi kitini, na baada ya muda mfupi waheshimiwa hao wanamchagua Bran Stark, kijana asiyeweza kutembea na asiyeweza kuzaa, awe mfalme.

Ilikuwa tarehe 19 Mei 2019, sehemu ya 73 na ya mwisho ya tamthilia ya Game of Thrones, miaka 8 tangu HBO ianze kuirusha. Marekani peke yake watu zaidi ya milioni 19 waliitazama siku hiyo, na zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la mtandaoni la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya. Malalamiko mengi yalihusu haraka: Daenerys Targaryen aligeuka mchoma miji upesi mno, na vita vilikwisha upesi mno. Yana ukweli wake. Mimi lililonikaa rohoni ni lingine. Kile kicheko ndicho kilichokuwa cha kweli kuliko yote tuliyoonyeshwa usiku ule, maana watu wa namna ile, mahali kama pale, wangecheka hivyo hivyo. Kilichonisumbua ni yaliyofuata, pale hadithi ilipotutaka tuamini kwamba gurudumu limevunjika.

Gurudumu lilikuwa neno la Daenerys. Koo kubwa, alisema, zinapokezana kupanda juu kama vijiti vya gurudumu, leo huu kesho ule, na anayesagwa daima ni aliye chini. Aliapa kulivunja. Sasa tuhesabu kilichovunjika. Joka lake, Drogon, lilikiyeyusha Kiti cha Enzi cha Chuma kwa moto. Ikaamuliwa kwamba kuanzia hapo mfalme hatarithi, atachaguliwa na wakubwa. Kaskazini ikajitoa ikawa na malkia wake, Sansa, dada yake Bran. Bronn, askari wa kukodiwa, akapewa Highgarden, makao makuu ya jimbo linalolisha falme zote, kwa sababu Tyrion Lannister, mshauri wa Daenerys, alikuwa amemwahidi ngome hiyo huku akielekezewa upinde. Asiyekuwepo na lake halipo: katika nusu duara ile hapakuwa na mkulima hata mmoja, wala mvuvi, wala mchuuzi wa King's Landing aliyeunguliwa nyumba. Aliyewahi kuwa mtumwa alikuwa mmoja tu, Grey Worm, naye akapanda meli na wenzake wakaiacha nchi.

Sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna neno la kupimia jambo hili, na si la kamusini tu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutaja ukabaila sambamba na ubepari, likamkataza kiongozi wa TANU kuwa na uhusiano nao. Bukoba waliujua kwa jina la nyarubanja. Mtu analima kibanja cha migomba alichoachiwa na baba yake, aliyeachiwa na babu, lakini juu yake yuko bwana mwenye haki ya kudai malipo kila mwaka kwa sababu ardhi inahesabiwa kuwa yake. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu kisheria mwaka 1963. Nyarubanja haikuondoka nayo. Ilibidi itungwe sheria ya peke yake, mwaka 1965, ya kumgeuza mlimaji awe mmiliki. Ile miaka miwili katikati ndiyo ninayoitafuta ninaposoma riwaya za fantasia. Mtawala ameshuka, je, anayelima bado anadaiwa?

Wanahistoria wamelipiga vita neno lenyewe. Elizabeth Brown mwaka 1974, kisha Susan Reynolds mwaka 1994, walionyesha kwamba mfumo mmoja nadhifu wa kikabaila haukuwahi kuenea Ulaya nzima, na kwamba sehemu kubwa yake iliunganishwa na wanasheria wa baadaye. Sawa. Kwa kazi ya kusoma hadithi inatosha kukubaliana kwamba mambo manne yalishikwa na mkono mmoja: ardhi, jasho la anayeilima, baraza linalomhukumu, na upanga unaodaiwa kumlinda. Mfalme alikuwa sehemu ndogo ya mpango huo. Palikuwa na miaka ambayo mfalme alikuwa mtoto mchanga, au mateka, au hayupo kabisa, na siku za kumlimia bwana hazikupungua hata moja.

Ndiyo maana siwezi kuuona uchaguzi wa Bran kuwa hatua ya kwanza kuelekea demokrasia, kama wengi walivyotaka kuuona. Ulaya iliwajua wafalme wa kuchaguliwa. Katika Dola Takatifu la Roma, hati ya mwaka 1356 iliwataja wapiga kura saba, maaskofu wakuu watatu na watawala wanne. Poland ni mfano mkali zaidi. Kuanzia mwaka 1573 waungwana wa nchi ile walikusanyika uwanjani kumchagua mfalme wao, na kila aliyechaguliwa alilazimika kuapa kwamba hatazigusa haki zao. Miongoni mwa haki hizo ilikuwamo ya kumlimisha mkulima siku kadhaa za juma bila ujira, na ya kumhukumu pasipo yeye kuwa na mahali pa kukata rufaa. Mfalme aliyewekwa na mabwana ana deni kwa mabwana. Kwa karne mbili utwana uliendelea kukaza huku waungwana wakijisifu kwa uhuru wao, hadi Urusi, Prussia na Austria zikaigawana nchi yote. Mgawo wa mwisho ulikuwa mwaka 1795. Bran hana jeshi lake, hana mtoto, hazina ni tupu, na mjini hakuna nyumba. Sioni ni kwa nguvu gani angemzuia Bronn kupandisha kodi ya shamba.

Wakulima wa kweli, walipopata nafasi ya kuchoma kitu, walikuwa wanajua cha kuchoma. Mwaka 1381 wanavijiji wa Essex na Kent waliinuka, na popote walipopita walizitafuta hati za mabaraza ya mabwana, zile ngozi zilizoandikwa nani ni mtwana wa nani, anadaiwa nini na kwa siku zipi. Hizo ndizo walizozitia moto. Pale Mile End walimwomba mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, autangue utwana na kodi ya ardhi iwe peni nne kwa ekari. Akakubali, makarani wakaandika hati. Siku iliyofuata, tarehe 15 Juni, kiongozi wao Wat Tyler aliuawa pale Smithfield, na muda si mrefu hati zote zikafutwa.

Ufaransa mambo yalikwenda vivyo hivyo, kisha yakaenda mbele zaidi. Julai 1789 wakulima waliingia kwenye majumba ya mabwana na kudai madaftari ya malipo, wakayachoma uani. Usiku wa tarehe 4 Agosti, bungeni, waungwana walisimama mmoja baada ya mwingine wakizitupa haki zao za kikabaila. Ulikuwa usiku wa machozi na vifijo. Asubuhi zilizofuata, sheria ilipoandikwa kwa utulivu, ikaonekana kwamba malipo yaliyoshikamana na ardhi yatabaki mpaka mkulima ayanunue. Mfalme aliangushwa Agosti 1792 na kukatwa kichwa Januari 1793, na bado palikuwa na wakulima wanaodaiwa. Amri ya kufuta kila kitu bila fidia, na ya kuzichoma hati zenyewe, ilitoka tarehe 17 Julai 1793. Kati ya kiti na daftari ilipita karibu mwaka mzima wa mapambano. Joka la Daenerys lilichoma kiti, na kamera ikakaa palepale kukitazama kikiyeyuka, kana kwamba huo ndio mwisho.

George R. R. Martin, mwenye vitabu, anayajua haya kuliko tamthilia iliyotokana navyo. Mwaka 2014, akihojiwa na jarida la Rolling Stone, alitaka kujua mfalme Aragorn wa Tolkien alikuwa na sera gani ya kodi, maana wema wa moyo haumfanyi mtu atawale vizuri. Swali zuri, na jibu lake mwenyewe haliko katika vile vitabu vinene. Liko katika kisa kifupi cha mwaka 2003 kiitwacho The Sworn Sword.

Kuna ukame. Kijito kinachotenganisha ardhi ya mzee Eustace Osgrey na ya Bibi Rohanne Webber kimezibwa ili maji yaende upande mmoja. Askari wa mzee anamkuta mchimbaji wa bibi kwenye bwawa, maneno yanapanda, anamchana shavu kwa upanga. Kwa shavu hilo vita vidogo vinaandaliwa. Dunk, mpiganaji maskini aliyekula kiapo kwa mzee, anaagizwa awafundishe mikuki wakulima wachache wa vijijini. Wanaletwa. Kadhaa wao wanaitwa Wat, hata ikabidi wabandikwe majina ya kuwatofautisha. Mikono yao imezoea jembe. Wanafundishwa kusimama mstari mmoja na kutokimbia, na Dunk, kila akiwatazama, anaona maiti. Pembeni yake yuko mvulana aliyenyolewa kipara anayemtumikia, Egg, ambaye kwa siri ni mtoto wa ukoo wa kifalme. Ukabaila wote umo katika kurasa zile: maji, shamba, shavu la mchimbaji, na mkulima anayepewa mkuki kwa ugomvi ulioanza miaka mingi nyuma, mzee Osgrey aliposhika upande ulioshindwa katika vita vya wakubwa.

Egg anakua. Katika mpangilio wa historia ambao Martin ameutandaza kwenye vitabu vingine, baraza kuu la mwaka 233 linamweka kitini kwa jina la Aegon wa Tano. Huyo ni mfalme wa kuchaguliwa na mabwana, kama Bran, ila huyu amelala zizini na kula pamoja na watu wa chini. Anawatungia wakulima sheria za kuwalinda. Mabwana wanagoma, mmoja mmoja na kwa makundi, na kila anapotaka msaada wao vitani inambidi alegeze kamba. Mkono mtupu haulambwi. Mwishoni anakata shauri kwamba asiye na majoka hawezi kuwalazimisha watu wenye ngome, anaanza kutafuta namna ya kuangua mayai ya majoka, na anakufa kwa moto huko Summerhall, mwaka 259 wa kalenda ile. Kilichokuwa kimesalia cha sheria zake kilikuja kufutwa na bwana mmoja mkubwa, Tywin Lannister.

Kisa hiki hakikufika kwenye sehemu zile 73, na kwangu ndicho kiini cha siasa ya Martin. Wafalme wa Ulaya waliotaka kuwabana mabwana hawakuwa na majoka. Walikuwa na mizinga ya kubomolea ngome, makarani wa kuhesabu kodi, mahakimu wa kuzunguka wilayani, na askari wanaolipwa mshahara. Vitu hivyo vilijengwa polepole, baba hadi mjukuu. Aegon alitaka kuiruka kazi hiyo. Daenerys aliyapata majoka Aegon aliyoyakosa, na akaishia kuunguza mji. Ukiwasoma pamoja, babu na kitukuu, unaona hoja moja inayojengwa kwa uvumilivu wa ajabu: nguvu inayotoka juu kwa ghafla inaweza kuua bwana, lakini haiwezi kukaa kijijini kuangalia kama mkulima amedhulumiwa wakati wa mavuno.

Tamthilia iligusa jambo hili mara moja kwa uzuri, kule Meereen, na nasikitika haikurudi tena. Mzee mmoja anakuja mbele ya Daenerys, aliyewaweka huru watumwa wote wa mji. Alikuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa bwana wake, waliokuwa wakimheshimu. Sasa analala kwenye mabweni ya waliokombolewa, vijana wanampiga na kumwibia. Anaomba ruhusa ya kurudi kujiuza. Malkia, uso umemshuka, anamruhusu aingie mkataba usiozidi mwaka mmoja, na mshauri wake anamwonya kwamba mabwana watautumia mwanya huo. Mzee yule amepewa uhuru. Nyumba, kazi na shamba hakupewa.

Ndipo ninapomgeukia Tolkien, ambaye wakosoaji wengi, Michael Moorcock katika insha yake ya mwaka 1978 akiwa mbele yao, wamemwona mzee wa kihafidhina anayewabembeleza wasomaji walale. Kwamba aliwapenda wafalme si siri. Mwaka 1943 alimwandikia mwanawe Christopher kwamba siasa zake zinaelemea ama kwenye kutokuwa na serikali kabisa, ama kwenye mfalme asiyefungwa na katiba. The Return of the King, ya mwaka 1955, inaisha kwa mrithi halali kuvikwa taji, na watu langoni wanaulizwa kama wanamtaka, wanaitikia kwa sauti moja. Hiyo si kura. Lakini soma kurasa zinazofuata taratibu. Kusini mwa Mordor, nchi ya Sauron, adui mkuu wa hadithi, kuzunguka ziwa la Núrnen, kulikuwa na mashamba makubwa yaliyolimwa na watumwa ili kulisha majeshi ya Sauron. Aragorn anawaacha huru watumwa wale na kuwapa ardhi yote ya kuzunguka ziwa iwe mali yao. Sentensi moja tu, inapita kama upepo, wengi hawaikumbuki. Waliolima wamepewa walichokilima. Aliyeulizia kodi ya Aragorn anaweza kuanzia hapo.

Na kuna Shire. Nchi ile ya watu wafupi ina kiongozi wa kurithi ambaye cheo chake kimebaki jina, na meya anayechaguliwa kila baada ya miaka saba kwenye sherehe za katikati ya kiangazi. Mashujaa wanaporudi wanakuta nyumbani kumetekwa: mazao yanakusanywa kwa nguvu eti yagawiwe, hayagawiwi, na kuta zimejaa karatasi za makatazo. Wanapiga mbiu, wakulima wanainuka, na katika mapigano ya Bywater wanakufa kumi na tisa kati yao. Filamu ya Peter Jackson ya mwaka 2003 iliiacha sura hii yote, na kwa kufanya hivyo ilimwacha mtazamaji na taji pekee. Katika kitabu, Sam aliyekuwa mtunza bustani wa tajiri anarithi nyumba ya tajiri wake na kuchaguliwa meya mara saba. Bado ni ndoto ya mtu anayependa kijiji kisichobadilika. Hata hivyo ndani ya ndoto hiyo mtumishi anapanda hadi kushika ofisi, kwa kura.

Tolkien alijaribu pia kuandika yaliyofuata, miaka kama mia hivi baada ya ushindi. Aliandika kurasa chache za The New Shadow, vijana wa Gondor wakicheza michezo ya uovu kwa sababu amani imewachosha, akaiacha. Aliona haifai kuendelezwa. Namwelewa. Fantasia ya aina yake inajua kuvika taji. Asubuhi ya kazi inayofuata haina lugha yake.

Aliyeipata lugha hiyo, kwa maoni yangu kuliko mwandishi yeyote wa upande huu, ni Ursula K. Le Guin. Mwaka 1972, katika The Farthest Shore, alimrudisha mfalme kwenye visiwa vya Earthsea baada ya karne nyingi za kiti kitupu. Mwisho mzuri wa kawaida. Ikapita miaka 18, akaandika Tehanu, ya mwaka 1990, akaisimulia enzi hiyo hiyo mpya kutoka jikoni. Tenar, ambaye ujanani alikuwa kuhani mkuu na shujaa wa kitabu kizima, sasa ni mjane wa mkulima kwenye kisiwa cha Gont. Ana mbuzi, bustani, na mtoto wa kulea aliyechomwa moto na wazazi wake mwenyewe. Mfalme mpya ni mwema kweli, si wa kuigiza. Meli yake inatia nanga, anamheshimu mama huyu, majambazi wanaanza kukamatwa.

Kisha mwanawe wa kumzaa, baharia, anarudi. Hajaonekana kwa miaka. Anaingia, anakaa, anakula, kazi za nyumbani anaziona za wanawake. Shamba ni lake, kwa sababu sheria ya Gont inampa mwana wa kiume, na mama aliyelipalilia tangu mumewe afe alikuwa akilishikilia tu. Hakuna upanga unaochomolewa. Tenar anamtazama kijana huyo akijinyoosha kwenye kiti cha baba yake, anafunga vitu vyake, anaondoka. Mfalme wa haki yuko kitini, na mwanamke ametoka kwenye shamba lake mikono mitupu. Sura ile niliisoma usiku, nikakifunga kitabu nikakaa. Nilikuwa nimeshaziona nyumba za namna hiyo, wala hazikuwa Earthsea.

Brandon Sanderson anapita njia nyingine, ya fundi zaidi. Katika Mistborn, ya mwaka 2006, mtawala aliyedumu miaka elfu anaangushwa, na Elend, kijana wa ukoo mkubwa aliyesoma vitabu vilivyokatazwa, anaunda baraza la wajumbe 24, theluthi waungwana, theluthi wafanyabiashara, theluthi skaa, watu wa tabaka lililotumikishwa. Anaandika mwenyewe kifungu cha kumwondoa mfalme. Katika kitabu cha pili, cha mwaka 2007, baraza linakitumia kifungu hicho kumwondoa yeye, na anayechukua nafasi yake ni muungwana mwenzake wa zamani. Tukio hili lina uzito kuliko vita vyote vya vitabu vile. Mwaka 2011 Sanderson akarudi kwenye dunia hiyo hiyo, miaka mia tatu mbele: kuna reli, kuna taa za umeme, na koo kubwa bado zina viti vyao katika baraza la kutunga sheria. Kabaila amekuwa mwenye kiwanda. Wazee wetu waliouandika ukabaila na ubepari katika sentensi moja wasingeshangaa.

Atasema mtu kwamba naidai hadithi kitu isichopaswa kutoa. Ukabaila ulichukua karne nyingi kufa: Urusi iliufuta utwana mwaka 1861, na Scotland ilizika umiliki wa ardhi wa kikabaila tarehe 28 Novemba 2004, Martin akiwa ameshachapisha vitabu vitatu vya mfululizo wake. Mwandishi atawezaje kuumaliza katika sura ya mwisho? Sidai aumalize. Nadai aonyeshe mahali unapoanza kuoza. Uingereza ya mwaka 1348 iliingiwa na tauni, na walioendelea kuishi wakagundua kwamba mikono yao imekuwa adimu. Wakaomba ujira mkubwa zaidi. Bunge likatunga sheria mwaka 1351 ya kuwalazimisha wafanye kazi kwa malipo ya zamani, na haikutosha. Utwana wa Uingereza ulikufa hivyo, zaidi kwa watu kuhama usiku kwenda kwa bwana anayelipa vizuri kuliko kwa panga la Wat Tyler.

Westeros imepewa tauni yake. Martin anasimulia ugonjwa mkubwa wa masika ulioua watu wasiohesabika, mfalme akiwa mmoja wao, miaka michache tu kabla ya kisa cha kijito. Ng'ambo ya bahari uko Braavos, mji ulioanzishwa na watumwa waliotoroka, wenye mtawala wa kuchaguliwa na benki inayowakopesha wafalme. Yuko padri mtembezi katika A Feast for Crows, anayesimulia kwa huzuni jinsi kijana wa kijijini anavyofuata bendera ya bwana wake hadi siku ile moja anapovunjika na kukimbilia porini. Vitu vyote vya kuuozesha ukabaila vimo. Tamthilia ilipofika mwisho haikukigusa hata kimoja. Ikarudi kwenye viti, na baraza dogo likakaa kuzungumzia meli, madanguro na maji safi.

Tenzi zetu nazo zimewapenda mashujaa wa damu ya kifalme. Utendi wa Fumo Liyongo, aliouandika Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, unahusu mtu ambaye sultani wa Pate anamwogopa kwa sababu ya ukubwa wake, na anayeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni, kijana akiwa ameahidiwa kuozwa binti wa sultani. Mwisho wake, hata hivyo, haumo ndani ya jumba. Liyongo aliyechomwa anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale kwenye upinde, na kufia hapo hapo. Watu wa mji wanadhani yu hai. Hawathubutu kusogea, na mji mzima unakaa bila maji hadi mama yake anapoletwa kumsihi na maiti inaanguka. Watunzi wa zamani waliutazama ugomvi wa wakubwa wakiwa upande wenye mitungi.

Tangu mwaka 2011 wasomaji wa Martin wanangoja The Winds of Winter, na wengi wanataka kujua nani atakalia kiti. Kitakapotoka nitafungua kwanza sura za Riverlands, nchi iliyochomwa na kila jeshi lililopita, mavuno yakiwa yameoza mashambani na majira ya baridi ya miaka yakiwa mlangoni. Waliobaki ni wachache, na shayiri haijivuni yenyewe. Nataka kuona kama kuna mahali ambapo mkulima amesimama mbele ya bwana wake akataja bei ya siku moja ya kazi, na bwana, kwa kuwa hana mwingine wa kumwita, akanyamaza kwanza kabla ya kujibu.